Wema Wangu wa Siri

Jumapili, 14 Aprili 1996

Siku kuu! Pasta Mukai ametangaza kwamba Jumapili ijayo kanisa letu hapa Sarang'ombe litachagua mzee mpya. Huyo atakalia kile kiti chenye mikono, kando ya mimbari. Hakuna kampeni, amesema. Wiki hii kila mmoja akatende wema kwa siri, na mti utajulikana kwa matunda yake. Nakitaka kiti hicho. Nakitaka sana! Tangu nije Nairobi kuuza suruali za mitumba, sijawahi kuulizwa maoni mahali popote. Huambiwa tu nisogee, wenye maoni wapite. Mpinzani ni mmoja: Wepukhulu, fundi wa viatu. Mpole, hasemi sana. Watu wa aina hiyo ni hatari.

Jumatatu, 15 Aprili

Alfajiri nimembebea maji Mama Aluoch, mjane anayeishi kando ya mtaro. Nikaacha mtungi mlangoni, nikatoroka. Siri kamili! Kamili mno. Hakuna aliyeniona. Sasa wema kama huo una faida gani? Jioni nikapata dawa. Ukuta wetu ni wa mabati, na upande wa pili anaishi Kanini wa kwaya, ambaye hana kifua cha kuweka siri. Nikapiga magoti karibu na ukuta, nikamshukuru Bwana kwa sauti kubwa kwa ajili ya mtumishi wake aliyembebea mjane maji. Jina sikulitaja. Unyenyekevu. Risper, mke wangu, akaniuliza kama Mungu siku hizi hasikii vizuri.

Jumatano, 17 Aprili

Msiba! Kanini ameeneza habari mpaka mtaa wa Makina kwamba mimi, Okoth, nina moyo safi ajabu: namwombea Wepukhulu! Kwani mtumishi wa kubeba maji kisha ajifiche ni nani mwingine? Mama Aluoch amempikia chapati. Chapati zangu! Wepukhulu anakana, anaapa si yeye. Ndipo watu wanazidi kumsifu: "Si mnaona? Hata hataki sifa!" Nikatangaza kwamba hata mimi siye. Hakuna aliyebisha.

Alhamisi, 18 Aprili

Mbinu mpya. Kofia yangu nyekundu inajulikana na soko zima. Nikapeleka maji tena, nikaisahau kofia makusudi juu ya mtungi. Kabla jua halijapanda, Wepukhulu huyo kibandani kwangu, mbele ya wateja, kofia mkononi. Alikuwa anapita kwa mjane akaitambua, akadhani upepo umeniibia. Wateja wakapiga makofi. Siku hizi ni nani anarudisha kofia safi hivyo? Nikalazimika kumshukuru. Meno yaliniuma kwa kutabasamu.

Jumamosi, 20 Aprili

Ushindi! Ushindi mtupu! Nami nilikuwa nimeshakata tamaa. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, mtaro ukaziba, maji yakaanza kuingia kwa Mama Aluoch. Mwenyewe yuko juu ya kitanda, analia. Mara namwona Wepukhulu anakuja na jembe. Aha! Wema mwingine, tena mchana kweupe! Nikatoka mbio nimpokonye jembe. Ubao wa kuvukia ukateleza. Nikaingia mtaroni mzima mzima, mimi na kofia na heshima yangu. Nikashika kilichokuwa karibu: gunia la takataka, kumbe ndilo lililoziba mtaro. Gunia likang'oka. Maji yote yakashuka kwa kishindo, nami nyuma yake, hadi kwa muuza makaa. Nilipotoa kichwa, watu wamejaa na Kanini anapiga vigelegele: "Okoth amejitupa mwenyewe! Bwana asifiwe!"

Wepukhulu akanivuta nje, akanipangusa uso kwa shati lake. Akawaambia wote kwamba yeye alileta jembe, lakini ndugu Okoth ameleta mwili wake. Mama Aluoch alinishika mkono, hakutaka kuuachilia. Wakauliza nilijuaje gunia liko wapi. Nikasema nilijikuta tu ndani. Kweli tupu! "Ni Roho," wakaitikia. Sikuwakatiza. Risper peke yake alisimama mbali, akiziba pua.

Jumapili, 21 Aprili

Nimekikalia! Wepukhulu ndiye aliyenipendekeza, kanisa zima likasimama. Mzee Gikonyo, aliyetoka kanisa mama la Kabiro, kule Kawangware, akaniwekea mikono. Pasta akahubiri juu ya unyenyekevu. Nasikia yalikuwa mahubiri matamu. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kukaa ili hata wa nyuma wanione. Kisha Mzee Gikonyo akasema mwezi ujao Kabiro watamtafuta mzee mnyenyekevu kuliko wote, awe mkuu wa matawi yote. Mkuu! Ibada ilipoisha nikasimama mlangoni, nikampa kila mshirika mkono, nikamnong'oneza kwamba kwa unyenyekevu hakuna anayenifikia, ila asiseme nimesema.

Wepukhulu sikumwambia. Alikuwa amebaki ndani peke yake, anafagia matope tuliyoingia nayo. Namhurumia sana yule ndugu. Mtu asiye na bidii hatafika mbali.