Serikali Yachimba kwa Mama Mkwe

Watu wote wa Nachingwea na Ruangwa, wenye majembe na wasio na majembe, walitangaziwa kwa ngoma na kwa tarumbeta kwamba kuanzia Jumatatu ile ya mwaka 1953 walikuwa na historia. Kabla ya hapo hawakuwa nayo. Au kama walikuwa nayo, ilikuwa haijaandikishwa bomani.

Tangazo lilisomwa na Karani Saburi, Katibu wa Kamati ya Kufukua Mambo ya Kale kwa Hiari, akiwa juu ya sanduku, kaptula imepigwa pasi mpaka unaweza kumenyea muhogo.

"Kila nyumba itatoa mtu mmoja wa kujitolea," alisoma. "Asiyejitolea atakamatwa."

"Na anayejitolea?" aliuliza Halfani, aliyekuwa dereva wa trekta enzi za Mradi wa Karanga na sasa hakuwa dereva wa chochote.

"Huyo atashukuriwa."

"Kwa nini?"

"Kwa mdomo."

Kamati ilizaliwa kwa sababu nzuri kabisa. Mradi wa Karanga wa Waingereza ulikuwa umekufa bila mavuno na matrekta yameota kutu, lakini Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, bado alikuwa na ofisi, na ilibidi ofisi ipatiwe kazi. Ndipo alipokumbuka jumba la Mdachi kule Narung'ombe. Mjerumani huyo alilima pamba, vita vikamkimbiza, akaacha bomba la moshi na ngazi zisizopanda popote. Bwana Shauri akalitangaza kuwa Shamba la Kihistoria. Saburi akaahidiwa cheo cha Mlinzi Mkuu, pamoja na buti.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Uwanja wote wa jumba lile, toka ngazi hadi bomba, ulikuwa shamba la Mwantumu, na Mwantumu alikuwa mama mkwe wa Saburi. Shamba lake la kwanza lilifyekwa na Mradi. Hili ndilo lililobaki.

Huku kwetu mwanamume akioa huhamia ukweni na kumlimia mama mkwe. Saburi alihamia vizuri sana. Kulima ndiko kulikomshinda: kila msimu kazi za Serikali zilimbana, hasa asubuhi. Mkewe, Sabaha, aliposikia tangazo hakupiga kelele. Alimpakulia ugali, akamwambia, "Baba Zaina, shamba la mama likichukuliwa, na wewe uchukue mkeka wako."

Saburi akaenda kutoa taarifa rasmi. Kwa kuwa mtu hasemi na mama mkwe uso kwa uso, alisimama nyuma ya jiko, akaangalia pembeni na kukihutubia kinu.

"Wewe kinu, mwambie mama, Serikali inalihitaji shamba."

"Wewe kinu," ilijibu sauti kutoka jikoni, "muulize mkwe wangu, si walishachukua lile la kwanza? Karanga ziko wapi?"

"Mwambie safari hii si karanga. Ni elimu."

"Muulize, elimu inapandwa mwezi gani?"

Saburi akafunua tangazo lake kuutafuta mwezi.

"Haya, mwambie nimekubali," sauti ikasema. "Ila wachimbe kabla ya mvua. Na wachimbe wote."

Saburi aliondoka akijipongeza kwa diplomasia yake.

Jumatatu watu wa kujitolea walifika, wengine wakisindikizwa na askari. Bwana Shauri akatandaza kamba, akagawa shamba miraba miraba, akatoa maagizo ya kitaalamu: udongo uchimbwe taratibu, upondwe kwa mkono, kila jiwe na kila mzizi uondolewe, kisha uchekechwe na kurudishwa mahali pake. Katibu aonyeshe mfano.

Saburi akapewa jembe. Alipolishusha mara ya kwanza, wanawake wakapasua vigelegele vilivyosikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Mkwe kashika jembe jamani!"

"Kasaidiwa na Serikali nzima!"

"Nimeendesha trekta miaka mitatu," Halfani alisema akichekecha, "sijaona shamba linabembelezwa namna hii."

Mchana Mwantumu akawapikia wote ugali na kisamvu, maana anayelimiwa ndiye anayepika. Bwana Shauri alikula, akaandika kwamba wenyeji wameipokea elimu kwa ukarimu.

Mambo ya kale yaliyopatikana yalikuwa kifungo, shingo ya chupa na jino la punda. Bwana Shauri aliyafunga kwenye pamba kama watoto njiti, akayapeleka Lindi kabla mvua haijakata barabara. Aliacha agizo moja: udongo uliochekechwa usichukuliwe na maji. Ukichukuliwa, Katibu atajibu.

Mawingu yakakusanyika. Saburi akarudi kwa kinu, safari hii bila kaptula ya pasi.

"Wewe kinu, muulize mama, udongo unazuiwa na nini?"

"Mwambie karanga. Zinatambaa, zinashika."

Siku hiyohiyo Katibu aliidhinisha Mimea ya Hifadhi, na Mwantumu akaihifadhi mstari kwa mstari.

Barabara ilipofunguka, Bwana Shauri alirudi na Bwana Mkubwa kutoka Dar es Salaam, aje kuiona historia. Wakakuta kijani kitupu. Bwana Mkubwa akang'oa shina moja. Karanga zikaning'inia kama funguo za mlinzi wa gereza.

Alizihesabu mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa ameiandikia London, Mradi ulipokufa, kwamba udongo wa huku hauzai karanga hata ukiombwa kwa magoti.

"Hii kazi ya nani?" aliuliza, Saburi akawatafsiria wanakijiji.

Bwana Shauri, aliyeona cheo kinakuja, akatoa kifua. "Ya Kamati yangu, Bwana. Tumefanikiwa."

"Nani aliwaruhusu?"

Hapo kifua kikarudi ndani. Bwana Mkubwa akatoa uamuzi palepale, kwa sauti ya Serikali: karanga haziwezi kuota Nachingwea wala Ruangwa, kwa hiyo hizi hazikuota. Mahali penye kitu kisichokuwepo hapawezi kuwa mali ya Serikali. Shamba arudishiwe mwenyewe, Kamati ivunjwe, na Bwana Shauri ahamishiwe penye mawe matupu.

Mwantumu, kwa heshima, akatoa sinia la karanga za kuchemsha. Bwana Mkubwa alikula moja kwa kuchunguza, kisha akala bila kuchunguza. Kabla ya kupanda gari akamnong'oneza Saburi: amwombee kwa mama afungiwe kidogo za njiani, za hizo zisizokuwepo. Mama watoto anazipenda.

Vumbi lilipotulia, Saburi alibaki hana cheo wala buti. Mkeka wake, hata hivyo, ulikuwa bado mahali pake. Kutoka jikoni sauti ikaita.

"Wewe kinu, mwambie mkwe wangu nimeridhika na Serikali. Upande wa mtoni bado haujachekechwa. Na jembe lake nimeshalinoa."