Msiutengeneze Moyo wa Bilali

Bi. Zuwena Mwinyimadi,
Kongowe,
Kibaha.

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Amani iwe kwako na kwa wote walioamka salama hapo ofisini kwako. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na leo nakuandikia nikiwa na uchungu.

Jumapili iliyopita mliandika kwamba wataalamu wanachunguza namna mpya ya kutibu moyo uliojeruhiwa na shambulio. Mlisema seli hutoa vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, vyenye ujumbe kwa seli nyingine, na kwamba vikifikishwa kwenye moyo huenda vikausaidia kujitengeneza. Binti yangu Faudhia alimsomea baba yake, Bilali, kwa sauti. Tangu hapo Bilali anaitaka tiba hiyo, na nyumba yangu haina raha.

Bilali alipata shambulio la moyo mwaka jana, na sehemu ya moyo wake ikabaki kovu. Daktari akampiga marufuku kukasirika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka thelathini na moja mume wangu aligomba chumvi ikizidi, akagomba ikipungua, akagomba na mlango uliobamizwa, ilhali kaubamiza mwenyewe. Sasa nikipiga chafya tu, ananiambia "pole, mke wangu". Huo ndio moyo mbovu mnaotaka kuutengeneza?

2. Kwa kuwa amekatazwa kulima na kubeba mizigo, anashinda jikoni. Anakuna nazi. Mwanamume wa Chole, Kisarawe, amekalia mbuzi ya nazi! Mama yake alipokuja kumjulia hali alijifunika uso kwa khanga, lakini wali aliongeza mara mbili.

3. Wanawake wa mtaani wanakuja kuniuliza shambulio la aina hiyo linapatikanaje. Jirani yangu Laurensia ameanza kumzidishia mumewe Castory chumvi makusudi. Nimemkanya, maana si kila moyo ukiumia unaleta adabu. Mingine inaleta mjane.

4. Ili nimkatishe tamaa Bilali, nilimwambia majaribio mengi mpaka sasa yamefanywa kwa panya na nguruwe. Nilidhani kwa swala tano zake atakomea hapo. Akanijibu kwa upole, na upole huo nao unaudhi, kwamba yeye hapangi foleni ya nguruwe, anangoja ya binadamu.

Kwa hiyo naomba utafiti usimamishwe mara moja. Ikishindikana, basi, kwa kuwa vifuko hivyo hubeba ujumbe, wataalamu watie na wangu: seli zikishautengeneza moyo, ziuache ulimi kama zilivyoukuta. Na kama nafasi ndani ya kifuko ni finyu, waandike neno moja tu: jikoni.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, wauza magazeti wote, na mkeo pia, hasa ikiwa bado unamfokea.

Ni mimi mpenda utulivu,
Zuwena Mwinyimadi

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Bilali alitaka tufuatane dukani. Ni mwendo wa hatua mia mbili. Alisimama mara tatu. Mara ya tatu alishika ukuta wa watu, akatabasamu, akasema, "Tangulia, mama Faudhia, mimi naangalia haya maua." Pale hapana maua. Ndugu Mhariri, naogopa. Kama kuna mahali wanaandikisha watu wa kutibiwa, wamwandike Bilali Shomari wa Kongowe, awe wa kwanza. Ujumbe wangu wautoe kwenye kifuko, wajaze dawa tupu. Akipona, anifokee mpaka Chole wasikie. Nitaitikia abee.