Neno Moja la Siri kwa Ofisi Tatu

Leo nimeaibika, bandugu. Tena kwa vidole vyangu mwenyewe!

Munajua kazi yangu: naangalia kompyuta za kampuni moja ya usafirishaji. Mafaili yake yamegawanyika kwenye mashine za ofisi tatu, Makomeno, Luano na Kasomeno, na kila mashine ilikuwa na neno lake la siri. Mama Zaina wa depo aliyaandika maneno yote matatu nyuma ya kalenda. Nikasema hapana. Mtu aingie mara moja tu asubuhi, kisha mafaili yote yamfungukie kama kabati moja. Wiki mbili nimehangaika. Leo ilikuwa siku ya kuonyesha. Kazi ikipendeza, napewa mkataba wa kudumu.

Kabla ya kuanza nikaona kompyuta yangu inasoma saa ya Kinshasa, nyuma yetu sisi wa mashariki kwa saa nzima. Nikaisukuma mbele kwa mkono, Mama Zaina akipanga viti kando yangu. (Mimi na usafi wangu!)

Watu kumi na mmoja wakakaa, Patron, mwenye kampuni, mbele kabisa. Nikawasha projekta. Nikaandika jina, nikaandika neno la siri. Imekataa. Nikarudia. Imekataa!

"Iko nini?" Patron akauliza.

"Kidogo tu, Patron."

Jana ilikubali vizuri! Hapo nikashikwa na hamu ya kujua, hata watu nikawasahau. Labda kebo? Nzima. Labda Kasomeno hawana umeme? Nikapiga simu: wanao. Labda kibodi inabadilisha herufi? Neno la siri huonekana vinukta tu, basi nikaliandika kwenye nafasi ya jina, nilione vizuri.

Herufi zote sawa. Nikafurahi! (Peke yangu.)

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka. Ukutani, kwa herufi kubwa kama mlango: PatronAnakoromaKwaMkutano7.

Patron akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho.

"Na saba iko ya nini?"

"Mashine... inadai namba, Patron."

Wakaangua kicheko. Mimi nilitamani projekta ilipuke.

Mama Zaina peke yake hakucheka, akaniuliza: "Papa, ile saa ulisukuma asubuhi, haiko na matata?"

Nikaiangalia saa. Kumbe! Nilipaswa kubadilisha jina la mji tu, saa ingejirekebisha. Mashine hizi zinaaminiana kwa saa. Yangu bado ilijiona iko Kinshasa, basi kwa hesabu yao ilikuwa imezitangulia kwa saa nzima, nani angeipokea? Nikairekebisha. Nikaingia mara moja: Makomeno, Luano, Kasomeno, zote zikafunguka.

Patron akafungua mwenyewe faili moja la kila ofisi.

"Mukataba utapata," akasema. "Lakini ile neno, badilisha sasa hivi. Mbele yangu."

Sasa ameleta kiti chake karibu na changu. Dakika ishirini nimekaa mbele ya kisanduku kitupu, na kila neno linalonijia kichwani linamhusu yeye. Mukitaka kucheka, muchekee mbali: simu yangu inalia kwa sauti kila mukiniandikia, na Patron anasikia.