Hamsini ya Simu Yangu

Jamani, leo nimeaibika hadi masikio yanawaka.

Mnajua mimi ni fundi umeme wa magari hapa Shelui. Mnajua pia kigari changu, mshale wa spidi ulikufa zamani. (Fundi wa magari ya wenzake, msinianze.) Basi nimechomeka kidude chini ya usukani, kinachukua spidi kwenye kompyuta ya gari na kuileta kwenye simu. Nikajiona mhandisi!

Leo nilikuwa nampeleka Kiomboi baba yake Neema, binti ninayetaka kumuoa. Jana Neema kanionya: "Baba anataka kukuona unavyoendesha. Ukikimbiza gari, posa yako isahau."

Nikimbize? Mimi?

"Shikamoo baba." "Marahaba." Mzee akafunga mkanda, akaushika kwa mikono miwili. Tukapanda mlima Sekenke. Huko juu tukalipita basi.

"Kijana, mbona tumelipita basi?"

"Tupo sitini tu, baba. Basi ndilo bovu." (Basi jipya! Siti bado zina nailoni!)

"Na hiyo miti, mbona inakimbia hivyo?"

Nikamwonyesha simu. "Kompyuta haidanganyi, baba." Akageukia dirishani. Mimi nikadhani kaelewa.

Kuingia Misigiri, kibao cha hamsini. Nikapunguza hadi hamsini kamili, kifua mbele. Trafiki huyo, dada mmoja na tochi yake ya kupima spidi. Kanyoosha mkono.

"Themanini, kwenye hamsini."

"Afande, tochi yako mbovu! Mimi ni fundi, njoo uone simu!"

Nilipaza sauti hadi wauza vitunguu wakasogea. Nikainua simu nimwonyeshe. Gari limesimama, inasoma sifuri, na chini ya sifuri kuna neno dogo: maili.

Hapo nikakumbuka. Wiki iliyopita nilitengeneza gari la mteja lililotoka Uingereza, dashibodi yake ya maili. Nikaiweka simu isome maili, nisirudishe! Gari langu maskini lilikuwa linatuma kilomita vizuri kabisa, simu inazigeuza kwa amri yangu mwenyewe. Hamsini ya maili ni kama kilomita themanini. Ile sitini... msihesabu.

"Afande," nikasema kwa sauti ndogo, "tochi yako ni nzima."

Nageuka, mzee keshashuka. Na lile basi "bovu" ndiyo linafika! Akalipungia mkono, likasimama. Mlangoni akanigeukia.

"Hiyo kompyuta isiyodanganya, itume yenyewe ilete posa."

Neema hapokei simu tangu mchana. Atakayecheka, gari lake likiharibika akatengenezee Nzega.