Bawaba ya Chini

Jumatatu, 3 Machi

Darasani tuko Bawaba wawili. Hatuna undugu. Yeye anaitwa Bawaba ya Juu, mimi Bawaba ya Chini, kama zile mbili zinazoshika mlango. Aliyeanzisha ni mwalimu wa hesabu, kwa utani, tulipoingia kidato cha kwanza. Utani umezeeka lakini haustaafu.

Sina wivu. Naeleza tu hali ilivyo. Ya Juu ana babu mwenye barabara iliyopewa jina lake. Barabara nzima, na taa! Ana shangazi daktari wa upasuaji. Ana kaka ambaye mtangazaji wa mpira hulivuta jina lake redioni mpaka pumzi inamwishia: Bawabaaaa! Baba yake mkubwa ameotesha waridi la aina mpya, nalo wameliita Bawaba. Ua!

Kwetu kitu pekee chenye jina letu ni ndoo ya maji. Mama ameiandika kwa rangi ya kucha ili majirani wasiichukue.

Leo mkutubi ametangaza shindano. Kila mmoja aandike ukurasa kuhusu jina lake la ukoo: watu na vitu mashuhuri wenye jina hilo. Ukurasa bora utabandikwa kwenye mlango wa maktaba, na mwandishi wake atakaa mezani pa mkutubi muhula mzima, kugonga mhuri wa tarehe.

Mhuri! Nimeazima vitabu mia mbili na kumi na vinne katika maktaba ile, na mara zote nimetazama mkono wa mtu mwingine ukigonga. Ule mlio. Ile tarehe ikitoka nyekundu.

Ya Juu akageuka akanitabasamia, akasema sisi jina tunalo. Tunalo! Wingi huo umeniuma mpaka jioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza Baba ni nani mashuhuri katika ukoo wetu. Baba hutengeneza mashine za kutoa nakala, ni mtu wa kufikiri taratibu. Alifikiri hadi chai ikapoa. Mwisho akasema Baba Mdogo aliwahi kutoka gazetini.

Nikakimbilia karakana ya Baba Mdogo, ambaye ni seremala. Ni kweli! Akatoa kipande cha gazeti chini ya sanduku la misumari. Ni picha ya umati unaotazama ghala likiungua. Akanionyesha sikio, mkono wa kushoto, nyuma ya mtu mwenye kofia. Nikamuuliza kwa adabu ana uhakika gani. Akasema, "Mwanangu, sikio langu nisilijue?"

Nimeandika: 1. Sikio la Baba Mdogo.

Kisha, ushindi! Kitabu cha biolojia, ukurasa wa 88: goti na kiwiko ni viungo bawaba. Kila binadamu anavyo! Wanaopita kwenye barabara ya babu yake wanatembea kwa magoti yetu. Nikaongeza na daraja la bawaba, lile linaloinuka katikati kupisha meli.

Mama alikuwa anashona sare za watu. Akasema, na pini mdomoni, kwamba goti halikuitwa hivyo kwa ajili yetu. Nikamjibu kwamba shindano haliulizi ni kwa ajili ya nani. Akasema, "Haya." Ile haya yake ya kufunga mazungumzo.

Jumatano, 5 Machi

Maktaba ina kitabu kinene cha watu mashuhuri wa mji huu. Babu wa Ya Juu amepewa kurasa nne na picha mbili. Nimekitoa rafuni wakati wa mapumziko nikakificha nyuma ya vitabu vya ufugaji wa nyuki. Si wizi. Kitabu kimo maktaba, kimebadilisha mtaa tu. Nyuki hakuna anayewasoma.

Saa sita mkutubi akakitaka, darasa zima likitumie. Hakipo! Tukatumwa tukitafute, hata chini ya meza. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote, upande wa jiografia.

Ya Juu akakipata. Alikuwa amekwenda kwenye nyuki. Eti baba yake mkubwa anawahitaji kwa ajili ya lile waridi.

Mkutubi akasema Ya Juu ana jicho la ukutubi hasa, akamruhusu aushike mhuri. Kushika tu, na kugonga mara moja kwenye karatasi tupu. Ya Juu akaja moja kwa moja hadi kwangu akanipa ile karatasi, akasema anajua ninavyoupenda.

Nimeichanachana. Kisha nimeiunga kwa gundi na kuibandika hapa chini. Tarehe imetoka vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Bibi, mama yake Baba, chumba cha nyuma. Nikamwambia nataka asili ya jina letu. Kama kuna shujaa, mtawala au hata mfungwa maarufu, asinifiche.

Bibi alicheka mpaka akavua miwani.

Babu yako hakuzaliwa na jina hilo, akasema. Alikwenda kuandikishwa kitambulisho. Foleni ndefu, jua kali, na mlango wa ofisi umeng'oka. Karani akasikia kwamba Babu ni fundi, akamwambia autengeneze papo hapo huku akiandikishwa. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamshikia mlango. Hawakuwa wakijuana.

Babu akakaza bawaba ya kwanza. Karani akauliza jina la kwanza, Babu akalitaja. Karani, kichwa chini, akauliza, "Na la pili?" Babu alikuwa na skrubu mdomoni na mlango begani. Akasikia, "Na ya pili?" Akanyoosha mkono nyuma kwa yule mwenzake, akasema, "Bawaba!"

Karani akaandika Bawaba.

Akamgeukia yule mshika mlango. Jina la kwanza? Akalitaja. Na la pili? Yule bwana naye alikuwa ameishika ile bawaba ya pili kiganjani. Akaiinua, akasema, "Hiyohiyo."

Karani akaandika Bawaba tena.

Waligundua wakiwa nje. Kurudi kusahihisha maana yake kuanza foleni upya. Wakatazamana, wakacheka, kila mtu akaenda kwake na jina lake jipya.

Nikauliza kwa sauti ndogo yule mshika mlango alikuwa nani. Bibi akasema, "Si ndiye yule mwenye barabara!"

Sijui nijisikieje. Sina babu shujaa. Nina babu mwenye skrubu mdomoni. Lakini yeye angalau alilitamka! Mwenzake alisema hiyohiyo tu. Barabara, shangazi, mpira, waridi, vyote vimetoka kwenye kiganja kilichoshika bawaba yetu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika ukurasa. Nilianza na magoti, nikapita kwenye daraja na sikio, nikamaliza hivi: "Kuna pia familia nyingine inayojiita Bawaba, lakini jina lao halisi ni Hiyohiyo, nao waliandikwa kwa makosa ya karani." Kuhusu Babu nilisema tu kwamba jina lake lina asili ya kale. Sikudanganya. Nilipunguza ukweli, kwa sababu ya nafasi.

Nikautumbukiza kwenye kisanduku cha mkutubi. Kina kufuli.

Nikarudi nyumbani mwepesi. Nikafungua mlango wa jikoni. Ya Juu! Amekaa kwenye kigoda changu, daftari magotini, anakunywa chai kwa kikombe changu! Bibi anasimulia kwa mikono yote miwili, amefika kwenye skrubu. Anamwita "mjukuu wangu".

Ya Juu akasema ameleta salamu za babu yake. Babu yake huwasimulia kisa hicho kila mwaka, lakini anasahau kama mlango ulikuwa wa mbao au wa bati, ndiyo maana akamtuma aje amuulize Bibi. Bibi akasema wa mbao. Ya Juu akaandika, akapigia mstari.

Nikarudi shule mbio. Mlinzi akasema maktaba imefungwa. Nikamwambia ni dharura. Akauliza kuna moto? Nikasema hapana. Akasema basi Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutubi alisema kurasa mbili zimemgusa kuliko zote, atazisoma kwa sauti.

Akaanza na wa Ya Juu. Sentensi ya kwanza: "Mtu mashuhuri wa kwanza mwenye jina letu alikuwa fundi aliyekuwa na skrubu mdomoni, na mjukuu wake anasoma nami darasa moja." Barabara ameitaja mwishoni, mstari mmoja. Waridi hakulitaja kabisa! Alimnukuu babu yake: kila mara anapopita chini ya kibao chenye jina lake, humkumbuka mtu aliyemwazima jina hilo.

Kisha wa kwangu. Aliusoma kwa sauti ileile ya upole, jambo lililouzidishia ubaya. Kwenye sikio la Baba Mdogo darasa zima lililala kwenye madawati kwa kicheko. Kwenye magoti mwalimu wa hesabu, aliyekuwa anapita, akasimama dirishani. Kwenye Hiyohiyo shingo zikageuka. Watu wakamtazama Ya Juu.

Ya Juu akacheka mpaka machozi. Cheko la kweli, nililichunguza sana. Akasema hilo ndilo jina alilopaswa kuwa nalo, na kwa nini hajawahi kuliwaza mwenyewe!

Ameshinda. Bila shaka.

Lakini akasimama, akasema mlango haushikwi na bawaba moja, akaomba tugawane meza. Watu wakapiga makofi. Mkutubi akafuta jicho. Mimi nilitazama viatu vyangu, nikasema asante kwa sauti ambayo nadhani ni viatu tu vilivyoisikia.

Zamu: Ya Juu atakaa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mimi Jumanne na Alhamisi. Tatu kwa mbili! Makofi amechukua yeye, na siku ya ziada pia.

Jumanne, 11 Machi

Nimegonga. Vitabu thelathini na kimoja. Mpini wa mhuri ni wa mbao, umelainika kwa mikono ya watu. Mtoto wa kidato cha kwanza aliniuliza kama kitabu alichochukua ni kizuri, nikamwambia mwisho unahuzunisha lakini avumilie. Akaniita dada mkutubi. Kwa saa nzima sikumwaza mtu.

Kisha nikaona kwenye mpini kipande cha karatasi, kimebandikwa kwa ustadi. Ya Juu ameandika majina yetu. Ya Juu juu. Ya Chini chini. Kwa rangi ya zambarau, na ua dogo katikati.

Hii imezidi.

Mapumziko nikaandika barua rasmi kwa karani wa shule: "Katika darasa letu kuna Bawaba wawili. Kwa kuwa mmoja aliandikwa kwa makosa, naomba jina lisahihishwe kwenye rejista liwe Hiyohiyo. Wako mtiifu, Bawaba." Si wivu. Ni kuweka kumbukumbu sawa. Hata mwenyewe alisema ndilo jina alilopaswa kuwa nalo.

Ofisini palikuwa na foleni nyuma yangu, na mimi watu wakiwa nyuma yangu ulimi hunifia. Karani akasoma haraka. Bila kuinua kichwa akauliza ni Bawaba yupi. Alitaka kujua barua imetoka kwa nani, nikamjibu, "Ya Chini." Akaandika kitu pembeni, akasema aliye nyuma aje.

Rahisi namna hiyo! Nilitoka natembea kwa magoti mepesi.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi mwalimu wa hesabu alifungua rejista. Akasita. Akavuta miwani. Akaita, "Hiyohiyo!"

Imefaulu! Nikageuka kumtazama Ya Juu akiumbuka.

Ya Juu amesimama! Uso unawaka kama taa! Akasema ni yeye, mwalimu, lazima ni yeye, ni neno la babu yake. Akauliza ni nani amemfanyia wema huu. Babu atalia kwa furaha. Yeye mwenyewe atalichonga kwenye rula yake. Darasa likaanza kulijaribu mdomoni, Hiyohiyo, Hiyohiyo, huku wakicheka kwa upendo. Mmoja akasema jina kama hilo hata yeye angelitaka. Halina pacha shule nzima. Halina Juu, halina Chini.

Kwa nini kila kizuri kiwe chake? Barabara yake. Waridi lake. Kikombe changu. Na sasa hili pia, nililolitafuta mimi, kwa barua yangu, kwa mwandiko wangu bora?

Nikasimama. Sikumbuki kuamua. Nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko siku zote, ikisema, "Nipo, mwalimu! Hiyohiyo ni mimi!"

Mwalimu akapeleka kidole kwenye rejista. Akasema ni kweli, karani ameliandika kwenye namba yangu, kwa wino, na mhuri juu. Akauliza kama nina hakika, maana kubadili tena ni safari ya ofisi ya elimu, na foleni ya kule anaijua.

Nikasema nina hakika kabisa.

Ya Juu akakaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona akinitazama kama mtu anayetamani kitu. Hakika nilimwona! Sasa amebaki Bawaba tu, jina la kila mlango.

Mama ameniuliza afanyeje na ndoo. Nimemwambia rangi ya kucha bado ipo.

Kesho si zamu yangu, lakini nitakwenda maktaba mapema. Nimeanza ukurasa mpya: watu na vitu mashuhuri wenye jina la Hiyohiyo. Mpaka sasa nina mmoja, babu yake. Ya Juu ameomba anisaidie kutafuta wengine. Nimemwambia atafute wa kwake.