Loda Yangu na Skrubu Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Loda imefika! Muthoka, fundi wa kuchomelea kutoka Kamenu, ameileta hapa kwangu Gatongora asubuhi na kuifunga kando ya msumeno. Mikono miwili ya chuma, pampu, kishikio kimoja. Unaviringisha gogo juu ya mikono, unavuta kishikio, oili inasukuma, mikono inapanda, gogo linalala kwenye kitanda cha msumeno. Miaka tisa kazi hiyo tumeifanya kwa mabega, mimi na Muoki, mfanyakazi wangu.

Muthoka amenionyesha skrubu ndogo yenye rangi nyekundu karibu na pampu. Nisiiguse. Nikauliza kwa nini. Akasema kwa sababu amesema. Hilo si jibu la kumpa mtu mzima.

Muoki alizunguka mashine mara mbili, akauliza yeye sasa atasimama wapi. Swali zuri. Sikuwa nimelifikiria.

Jumanne, 4 Machi

Nimelifikiria. Nimempa Muoki likizo apumzishe mgongo. Akasema mgongo wake hauna shida. Nikamwambia huo ndio wakati mzuri wa kuupumzisha.

Sababu yenyewe ni hii: Jumamosi kamati ya ujenzi wa kanisa inakuja kuchagua atakayepasua mbao za paa. Mwenyekiti ni Mama Wilkister. Mshindani wangu ni Gachau wa ng'ambo ya barabara, mwenye wafanyakazi wanne wenye shingo kama za ndume. Nataka kamati imkute mtu mmoja, mashine moja, jasho hakuna.

Saa nne nilimwona Muoki kwenye geti la Gachau. Labda alikuwa anamsalimu tu.

Tatizo dogo: loda inapanda polepole. Wangeci, mke wangu, amesema githeri itaiva kabla gogo halijafika.

Jumatano, 5 Machi

Ile skrubu. Inafanya nini? Nimeikodolea macho kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Nikampigia Muthoka, nikabana pua, nikajifanya mteja wa Juja anayeuliza habari za skrubu za loda kwa jumla. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mzee Githae," akasema, "usiiguse."

Nimeigusa. Robo mzunguko tu. Haiya! Mikono imepanda mbio! Kumbe mafundi huficha utamu. Nikaongeza robo nyingine. Pampu ikaanza kutoa sauti mpya, kama birika linalokaribia kuchemka. Sauti ya kuvutia sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua mambo. Loda huinua gogo lakini hailigeuzi. Hailinyooshi. Haishiki ubao upande wa pili. Hayo yote alikuwa akiyafanya Muoki, na hakuwahi kuniambia! Mbao zangu za leo ni nene huku, nyembamba kule. Wangeci ameuliza kama kanisa limeagiza paa au kabari za milango.

Ijumaa, 7 Machi

Mgongo. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Kamati ilifika saa tatu, watu watatu. Gachau naye akaja, hakuna aliyemwalika, na nyuma yake Muoki. Nikachagua gogo la mkaratusi kubwa kuliko yote. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaizungusha skrubu nusu nzima.

Mama Wilkister akasogea karibu. Alitaka kujua oili inapita wapi. Nilimpenda hapo hapo. Nikavuta kishikio. Gogo likapaa! Kamati ikasema aaah. Pampu ikapiga mluzi, halafu paipu ya oili ikapasuka. Mkono mmoja ukaanguka, gogo likainama, likaanza kuviringika likimwendea mama wa watu, naye amesimama tu analitazama. Mimi hata kupiga kelele nilishindwa. Muoki ndiye aliyeruka akamvuta. Gogo likapita pale pale alipokuwa, likavunja ua wa Wangeci, likaenda kulala barabarani.

Hakuna aliyeumia. Nimelowa oili kuanzia nyusi hadi soksi.

Mama Wilkister alipopata pumzi, akauliza huyu mwanaume ni mfanyakazi wa nani.

"Wangu," akasema Gachau. "Tangu Jumanne."

Basi, akasema mama, aliyenivuta ndiye atakayetupasulia mbao.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimeenda Witeithie kwa Muoki, na sukari, unga na mkate. Nikamwomba msamaha. Nikakiri kwamba ningeua mtu kwa sababu ya skrubu. Akaniuliza: kama gogo lingelala vizuri, ningemkumbuka? Nikasema ndiyo. Akasema nimechelewa kujibu.

Lakini mkewe alileta chai, na kikombe cha pili kikalainisha mambo. Magogo ya kanisa ni mazito, hata wale wa Gachau wanalalamika. Muoki atamwomba Gachau yaletwe kwangu, yainuliwe kwa loda yangu. Sharti ni moja: kishikio atashika yeye, mimi nikae chini ya mparachichi.

Nimekubali. Njiani nikalia kidogo. Ni vumbi.

Jumatano, 12 Machi

Muthoka ameweka paipu mpya, amerudisha skrubu mahali pake, akaifunika kwa kipande cha chuma na kukichomelea. Muoki anavuta kishikio kama anayeamsha mtoto. Magogo yanapanda taratibu, yanalala sawa. Gachau mwenyewe amekuja kutazama, na kiti chake. Mimi nimekaa chini ya mparachichi mchana kutwa. Kila kazi ina mwenyewe. Nimemwambia Wangeci hivyo, akaniangalia sana.

Jioni Mama Wilkister amepiga simu. Jenereta ya kanisa imekataa kuwaka. Je, namjua fundi mzuri?

Nimemwambia fundi ni mimi. Jenereta sijawahi kufungua maishani mwangu. Lakini nisipoifungua, nitajuaje ndani kuna nini?