Danimaki ya Bwana Asani

Kuna watu wakiona mpunga huwaza chakula. Gaston wa Kabambare akiuona huwaza Ulaya, ingawa Ulaya yenyewe hakuwahi kuiona hata kwenye picha iliyonyooka. Ilikuwa miaka ile baada ya vita kuu ya pili, mavuno yamezidi, na sokoni Kasongo wachuuzi walikuwa wamekalia magunia yao kama kuku waliolalia mayai mabovu. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, Mgiriki wa duka kubwa, ambaye kila akitaja bei alipiga miayo.

"Huyu mutu anatuua," alisema mzee Hemedi, aliyewashinda wote kwa wingi wa mpunga. "Anajua hatuna pengine pa kuuza."

Gaston aliyasikia maneno hayo kama fisi anavyosikia mbuzi akikohoa. Si kwamba alikuwa mwizi. Mwizi huja bila kualikwa. Yeye alikuwa na shida ya heshima kabisa. Huko kwao Kabambare, mwanaume asiye na kazi inayojulikana alikatiwa shamba la pamba la Serikali, pamoja na mnyapara wa kumkumbusha. Mwenye patenti, ile leseni ya biashara, aliachwa kwa amani. Patenti ilitaka mali, na mali ilikuwa hii hapa, imekaliwa. Kamio moja, lori zima la mchele na mafuta ya mawese, ikifika kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, ingemtenga na pamba mpaka kaburini.

Kesho yake alirudi amevaa suti nyeupe na kofia ngumu ya kizungu. Akatundika karatasi kwenye nguzo ya soko. Juu yake mstari mwekundu ulipanda, ukashuka, ukapanda tena kwa hasira.

"Statistiki," alisema, kisha akanyamaza, maana neno kama hilo likishatoka lazima liachwe lipoe.

Karatasi yenyewe aliing'oa hospitalini, juu ya kitanda cha mgonjwa wa malaria. Ilionyesha homa yake ya asubuhi na ya jioni. Lakini mstari ni mstari, haujitambulishi.

"Huu ni ulaji wa mchele wa watu wa Danimaki, kule Ulaya," Gaston aliendelea. "Hapa wamekula vizuri. Hapa umepunguka. Na hapa, munaona wenyewe, karibu wafe kwa kuukosa."

"Maskini," alisema Asani, muuza karanga, mtu mwema kiasi cha kuudhi.

"Na kwa nini hawaji kununua?" aliuliza Hemedi.

"Wao hawajui kama Kasongo iko, baba. Na nyinyi hamukujua kama wao wako. Hapo katikati anakosekana mutu wa hesabu."

Wachuuzi walitazamana wakimtafuta mtu huyo. Gaston alingoja kwa unyenyekevu mpaka wakampata.

Mpango ulikuwa wa haki sana. Kila mchuuzi angepewa nchi yake ya ng'ambo, wasije wakagombana, naye angetoa mfano wa mali ili Gaston aupeleke huko. Mfano wenyewe uwe wa magunia, si wa kikombe, kwa sababu Mzungu ukimwonyesha kikombe anadhani una kikombe.

Hemedi alichagua Ureno. "Jirani yangu huko ni nani?"

"Hispania."

"Ya nani?"

"Haina mwenyewe bado."

"Nipe na hiyo. Sitaki kelele za mpakani."

Asani alipewa Danimaki. "Lakini wale wanataka mchele," alinong'ona, "na mimi niko na karanga."

"Na huo mchele watakula na nini, ndugu yangu? Na machozi?"

Asani aliguswa. Tangu saa ile hakupita mbele ya ile karatasi bila kuwatazama watu wake kwa huruma.

Akabaki Mama Léocadie, mjane wa mawese, ambaye bei yake haikuwahi kushuka hata alipokuwa usingizini.

"Mimi nipe ile inchi ambayo watu wake hawaulizi maulizo mingi."

"Norveji, mama."

"Na wewe mwenyewe utapata nini?"

"Shukrani tu."

"Shukrani," alisema Léocadie. "Hiyo nayo inakaangwa na mafuta gani?"

Lakini madebe yake aliyaleta kama wengine. Kamio ikajaa. Gaston alikwisha patana na shofere: waondoke alfajiri, kabla soko halijaamka, wachukue barabara ya mashariki.

Jambo moja alilisahau, na tusimlaumu, kwani lilikuwa halijampata. Kasongo mgeni wa heshima haondoki peke yake. Wenyeji humsindikiza kwa miguu na ngoma mpaka majini, kwenye mto Lualaba, yeye mbele, mikono mitupu, na mzigo wake hubaki nyuma kwa mwenyeji mmoja anayeaminika. Maishani mwake Gaston alizoea kusindikizwa kwa mawe.

Alfajiri alipofungua mlango, soko lote lilikuwa uani. Hemedi alivaa kanzu ya Idi.

"Baba, musijisumbue," Gaston alisema. "Nitapanda kamio tu."

"Upande kamio kama gunia? Watu watatusema namna gani? Ulaya iko upande wa Lualaba, na treni iko ng'ambo. Tutakufikisha majini. Mama Léocadie atakuja na mzigo."

Mama Léocadie alikwisha kaa kando ya shofere, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu mwenye safari ndefu. Gaston alisogea dirishani akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Mama, hii kamio inajua njia?"

"Inajua. Shofere ameniambia ulimwonyesha njia ya Salamabila." Aliinama kidogo. "Mama yangu nilimwuguza kwenye ile hospitali. Danimaki yako iko na malaria, mutoto wangu. Uwape kinini."

Tabasamu la Gaston lilibaki usoni kwa kukosa pa kwenda. "Tugawane."

"Mugeni habebi muzigo."

"Nitawaambia wote."

"Waambie nini?"

Gaston alitafuta sentensi ya kumshtaki. Kila aliyoipata ilianza na jina lake mwenyewe.

"Na wenzako hawa?" aliuliza mwishowe, maana mtu akiibiwa hukumbuka haki.

"Watapata bei ya kumpita Mgiriki. Mimi nitapata ya kuwapita wao. Soko umelitafuta muzuri sana. Umekosea inchi tu."

Akapiga mlango kwa kiganja. Kamio ikanguruma, na Léocadie akawaambia watu kwamba anapitia madebe mengine nyumbani, wao watangulie. Wakatangulia. Gaston alitembea mbele ya ngoma kama bwana harusi aliyesikia habari za bibi harusi akiwa njiani.

Majini Hemedi alimkumbatia. "Mzigo utavuka nyuma yako. Wareno uwasalimie. Na Hispania uwaambie sasa iko na mwenyewe."

Gaston alipanda mtumbwi akijipangia: afike ng'ambo, angoje hawa wafuasi waondoke, avuke tena, akimbie mashariki, kamio huharibika njiani, Mungu akipenda. Mtumbwi ukayumba. Asani alikuwa ameingia na kifurushi cha karanga na blanketi.

"Ndugu yangu," alisema Gaston, "kusindikiza mwisho ni majini."

"Kwa mugeni wa kawaida," alisema Asani. "Mimi nimeuza baisikeli yangu. Tutakwenda wote mpaka Danimaki. Watu wana njaa vile, nikae nyumbani?"

"Utahitaji pasi ya safari. Bila pasi hufiki hata Kindu."

"Niko nayo. Nilikwenda ofisi ya Serikali kuiomba. Wakaniuliza ninasafiri na nani, nikataja jina lako, na kwenu Kabambare. Bwana wa ofisi alifurahi. Alisema kule wanakuulizia sana, shamba lako la pamba limeota majani."

Mpiga kasia alisukuma. Gaston alitazama ng'ambo. Kwenye mchanga walisimama askari wawili, kofia zao nyekundu zimenyooka, wakingoja kwa subira.

"Wametumwa kutupokea," alisema Asani kwa fahari, akawapungia mkono.